Uso Hatutaugusa

Mhandisi alisema: uso tutauacha.
Alisema kama mtu anayetoa sadaka.
Nyuma tutapandisha hoteli, ghorofa tisa,
lakini uso, mama, uso hatutaugusa.

Tsiala hakujibu. Alikuwa anamenya komamanga
kwenye roshani ya mbao inayoegemea nguzo ya chuma
tangu lile tetemeko la ardhi,
roshani ambako majirani sita huanika nguo
na kugombania kamba.

Mimi ni karani wa jiji la Tbilisi. Kazi yangu kuorodhesha:
mlango, mwaloni, bawaba mbili za asili;
ngazi, marumaru, vidato ishirini na viwili,
cha saba kimebonyea
pale watoto wa karne nzima walipotua wakiruka;
dari, tausi wa rangi, mkia umeliwa na unyevu.
Fomu haina nafasi ya kamba ya nguo,
wala ya harufu ya mkate wa Nugzari pale chini.
Nikaandika pembeni, kwa penseli.

Uso umeumbwa na haya, husema wahenga.
Huu tumeuachia haya tu:
umesimama peke yake, mgongoni umekazwa vyuma,
madirisha yamejaa mawingu.
Njiwa huingia kwa mlango wa mbele
wakajikuta bado wako nje.

Tsiala sasa anaishi Gldani, ghorofa ya kumi na moja.
Jana alinipigia simu:
"Kamba yangu, mliiandika?"

Niliandika, mama.
Sikumwambia kuhusu penseli.