Kinachoamua Kabla Yangu

Usiku, kwenye soketi moja ya sebuleni, Mabela,
vinalala vitu viwili vikinywa umeme:
betri ya baiskeli yangu, ndogo kama kopo la wanja,
na visikizi vya mama ndani ya kisanduku chake,
kama kokwa mbili za tende.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, natoka
kabla jua halijaanza kudai deni lake.
Riyam. Kilima kimekaa kama mgongo wa mtu aliyenuna.
Nakanyaga pedeli, na humo ndani ya shokapu
kinalia kitu: zizi. Kimya. Zizi.
Mbu ndani ya kibiriti.

Saji, fundi wa Ruwi, aliniapia mbele ya bisibisi zake:
"Hiki kinalihisi jiwe kabla hujalihisi wewe.
Ukipanda, kinakaza. Ukishuka, kinalegeza.
Wewe, bwana, tulia tu."
Nikalipa. Kiasi gani, sisemi;
mama ana macho ya kusoma risiti usoni mwa mtu.

Kidole gumba changu cha kushoto hakijatulia.
Miaka kumi na mmoja kilikuwa na kazi:
kusukuma kishikio, kufunga springi mlimani,
kufungua kwenye mteremko, na kusahau.
Kusahau nako kulikuwa sehemu ya kazi:
nikashuka ngazi za punda, shokapu imekazwa kama ngumi ya bahili,
meno yakigongana, nikicheka peke yangu.
Sasa kinapapasa usukani mtupu
kama mstaafu anayeamka na kuvaa saa.

Mwezi wa kwanza tuligombana.
Nikitaka ugumu, kinalegea; nikitaka ulaini, kinakaza.
Nilikiita majina ambayo mbuzi wa Matrah wanayakumbuka.
Mwezi wa pili nilikitegea sikio.
Mwezi wa tatu sikumbuki chochote,
na hapo ndipo penye jambo.

Nyumbani mama ana mashtaka yake.
"Mundhir, hivi vidude ulivyoniletea
vina akili za karani wa forodha.
Ati vyenyewe ndivyo vinavyojua kipi kelele, kipi kipite.
Vimenikatia adhana ya alfajiri,
vikanipa kijiko cha jirani kinakoroga chai."
Akanyamaza. Kisha, taratibu:
"Na feni. Mie nilikuwa naipenda sauti ya feni.
Babako akilala chini ya feni ile."
Nikafungua programu kwenye simu,
nikatafuta palipoandikwa feni.
Hapakuandikwa.

Wiki iliyopita betri ilikata roho
juu kabisa, pale njia inapoichungulia Matrah.
Nilichomeka visikizi vya mama, yangu nikaisahau.
Hakuna zizi. Shokapu ikabaki ilipokuwa:
wazi, laini, godoro la mgeni.
Nikashuka hivyo hivyo. Kiuno nyuma, viwiko nje,
magoti ndiyo springi.
Yana miaka hamsini na miwili. Yakaikumbuka kazi,
moja likaikumbuka kwa hasira.
Na mawe yakajitaja, moja moja:
hili la duara, hili kisu,
hili linalocheza kama jino la mtoto.
Majuma mangapi nimewapitia hawa bila salamu?

Sisemi nakiuza.
Jioni ile ile nilikichaji, nikakipangusa vumbi.
Leo kinalia zizi kama kawaida, na nakishukuru
kwenye kilima cha mwisho, pumzi inaponiaga.
Ila kuna ngazi saba karibu na falaji iliyokauka.
Pale nabonyeza kitufe, nakizima,
nashuka na mifupa yangu.

Mama naye hungoja nitoke.
Huvivua masikioni, akaviweka kwenye kisahani,
akaifungulia feni hadi nambari tano
na kulala chini yake, uso juu.
Nilirudi siku moja na vumbi langu, nikasimama mlangoni.
Ncha ya leso yake ilikuwa ikitikisika kwa upepo.
"Unasikia nini sasa, mama?"
Hakunisikia.