Kibanda cha Nazibrola

Chini kabisa, ngazi za umeme zinapoishia,
kuna kibanda cha kioo: kiti kimoja, hita, kipaza sauti.
Hapo hukaa Nazibrola, mwaka wa kumi na tisa sasa,
akiitazama Tbilisi ikishuka kwenda kazini, viatu kwanza.

Kanuni ya kazi ni sentensi mbili tu:
shikeni mkanda wa pembeni; msikimbie.
Huzisema. Kisha huongeza zake.
"Wewe mwenye koti la kijani, kamba ya kiatu."
"Kijana wa fidla, leo ndio mtihani? Haya, shusha mabega."
Na watu mia, walionuna kama mlango wa benki Jumapili,
hugeuka kuitafuta fidla.

Msimamizi Otar alimwandikia barua:
maneno ya ziada, mara ya tatu.
Aliitia saini, akaiweka chini ya birika lisiunguze meza.

Usidhani hana machungu. Goti lile,
na mshahara usiofika mwisho wa mwezi,
na mwanawe, kimya tangu Pasaka.
Kuna asubuhi huingia na uso wa Februari.
Lakini nimemwona: huvua glavu,
hukipuliza kipaza sauti kama anayepoza chai,
akamngoja wa kwanza.

Jana nilishuka nikitoka hospitali. Sikumtazama mtu.
Kipaza sauti kikakohoa.
"Mama wa skafu nyeusi," akasema, taratibu,
"ngazi ni ndefu. Hakuna haraka."

Nikaushika mkanda.