Amin

Msikitini kwetu Samail hatusemi Amin.
Baba alinifunza: mikono iache ubavuni,
Fatiha ikiisha, nyamaza, yatosha.

Mama, Bi Zuwena, Mshafii wa Unguja,
miaka arubaini alifunga mikono kifuani
chumbani, mlango kaurudisha,
na Amin yake ikapenya uvunguni mwa mlango
pamoja na moshi wa udi.

Hawakubishana.
Baba alikohoa tu,
akaongeza kiyoyozi.

Jana tumemzika.
Magharibi, safu ya kwanza, bega kwa bega,
imamu akafika *waladh-dhaalliin*,
msikiti mzima kimya
kama ilivyo desturi yetu.

Kando yangu, chinichini,
midomo ya Baba ikaitamka.

Mikono yake haikutoka ubavuni.
Kisha akakohoa.