Hatua Mia Tatu

Jua letu lilitoka Muheza,
chungwa moja katika fungu la machungwa sita.
Mwalimu Semboja akaliweka juu ya kigoda
langoni mwa shule, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
"Msilishike. Linaunguza."
Tukacheka. Lilikuwa bado na jani lake.

Kipimo kilikuwa miguu yetu wenyewe:
kutoka Jua hadi Dunia, hatua kumi.
Mengine yote yakafuata hapo.

Utaridi akasimama hatua ya nne, amekunja uso.
Zuhura Mhina hakupangiwa, jina lilikwisha kumpanga:
hatua ya saba.
"Huyu ndiye ng'andu mnayemwona alfajiri," akasema Mwalimu,
"mzuri wa mbali. Ukimkaribia ni tanuri,
anamshinda joto hata Utaridi aliyekaa jikoni,
maana kajigubika hewa nzito na haivui."
Zuhura alinuna hadi Jumatatu.

Dunia ilikuwa chembe ya chumvi
kwenye ncha ya kidole cha Mwantumu.
Bahari zote humo, milima yote ya Usambara,
na deni la baba yangu dukani kwa Mbaruku.
Mwezi ukakaa kando, upana wa kidole kimoja.
Hapo ndipo mguu wa mtu ulipowahi kufika.
Kidole kimoja!
Mwantumu akaacha kupumua, asije akaipeperusha.

Mirihi, kumi na tano.
Kisha pengo, ukanda wa mawe,
ambao kwetu ulikuwa kuvuka barabara
huku baiskeli zikitupigia kengele.
Mshtarii, hamsini na mbili: mbaazi nono.
Zohali, tisini na sita: mbaazi iliyokonda kidogo,
Hatibu kaivisha pete ya ukindu.
Uranusi huzunguka kalala ubavu,
basi Singano naye akalala, sare na vumbi,
mia na tisini na mbili,
mbuzi akaja kumnusa.

Mimi nilikuwa wa mwisho kwa mtihani.
Nikapewa punje ya ufuta: Neptuni.

Nikahesabu peke yangu.
Nikapita cherehani mbili, nikapita harufu ya bajia,
nikaruka mtaro kwenye mia mbili na themanini
(kuruka nikakuhesabu hatua moja, Mungu anisamehe),
na mia tatu ikaniangukia mlangoni pa fundi baiskeli.

"Wataka nini?"
"Sitaki kitu. Mimi ni Neptuni."
Akanitazama, akaitazama punje,
akarudi kwenye tairi lake.
"Haya. Usinizibie mwanga."

Nikageuka nyuma.
Chungwa lilikuwa nukta.
Mwalimu alitwambia nuru, kwa kipimo chetu,
ingetembea mwendo wa jongoo:
dakika nane na kitu kutoka kigodani hadi kwenye chumvi.
Nikapiga hesabu kwa kijiti mchangani.
Jongoo aliyeondoka langoni saa tatu asubuhi
angenifikia mimi saa saba na dakika kumi,
wenzangu wako nyumbani wanakula.

"Na baada yako nani?" akauliza fundi, kichwa ndani ya gurudumu.
"Hakuna. Mawe ya barafu. Halafu giza."
"Mpaka wapi?"
"Mpaka chungwa jingine. Mwalimu kasema
twende Mogadishu, tupite,
tufike Jibuti, na bado kidogo."
Fundi akaacha kupiga pampu.
Nikasikia upepo ukitoka polepole kwenye tairi,
na yeye hakuuzuia.

Hakuna aliyekuja kuniita.
Niliporudi, kigoda kilikuwa kitupu,
walikwisha kulimenya Jua, wakaligawana,
sayari nzima midomo inang'aa.
Nilibakishiwa kipande kimoja, chembamba, chenye mbegu.
"Neptuni hupata kidogo," akasema Mwalimu,
"sehemu moja katika mia tisa ya mwanga wetu."

Nikakila. Kilikuwa kichachu.
Punje sikuirudisha.
Nilikuwa nimeiacha kule, juu ya jiwe la fundi,
mahali pake.