Bakuli Jeupe

Macho hayana pazia, watu husema.
Ya baba yangu yalikuwa nalo,
jembamba, la rangi ya chai iliyolala,
likashuka polepole, miaka sita,
hata mwenyewe asijue kuwa jioni imeingia.

Pingtung, nyuma ya nyumba, matangi arobaini na mawili.
Pampu za hewa zikinong'ona usiku kucha.
Yeye kwenye kigoda, na taa ya mkono,
bakuli jeupe la kauri, kijiko cha supu,
na uduvi mmoja mmoja, mfupi kuliko kifundo cha kidole changu.

Alinifundisha nikiwa na miaka tisa.
Usimhukumu uduvi siku aliyofika, alisema.
Hofu humpausha. Mchanga mweupe humpausha.
Mweke juu ya udongo mweusi, mpe jani kavu la mkungu,
ngoja siku tatu, ndipo umuulize rangi yake.

Anza miguuni. Mgongo hudanganya.
Mwekundu wa bei ni mwekundu mpaka kwenye kucha.
Akiwa na vidirisha ubavuni,
ukaona chakula kikimpita tumboni,
huyo ni wa mwanafunzi mwenye sarafu mfukoni.
Na yule mwingine, damu ya mzee,
mwinulie taa: rangi hakupakwa gambani,
imo nyamani. Akijivua,
gamba hubaki tupu kama nailoni,
naye huondoka na wekundu wake wote.

Jike hukoza. Dume usimcheke,
amepauka, lakini ndiye aliyebeba nusu ya siri.

Kisha Bwana Tokunaga wa Osaka akapiga simu.
Hakufoka. Aliuliza tu, kwa adabu iliyoniumiza,
kama siku hizi nili tunaiita nyeusi.

Usiku ule nilisimama nyuma ya baba.
Kijiko kilishuka, kikapanda.
Nili, akamtia kwa weusi.
Nili mwingine, kwa weusi.
Mweupe kama maziwa akamgeuza mara mbili,
akasema, "Huyu kachakaa,"
akamtupa kwenye pipa la nje, chini ya mpera,
wanakochangamana waliokataliwa
na wajukuu wao hurudia rangi ya mto,
ile hudhurungi ya mababu isiyouzika.

Aliyekufundisha nyekundu
utamwambiaje kuwa haoni samawati?

Nilimngoja akorome.
Nikarudi na kijiko kilekile, taa ileile,
nikamhamisha kila mmoja kwake.
Miaka miwili nilifanya kazi hiyo ya mwizi
anayerudisha mali.
Daftari lake sikuligusa.

Kaohsiung walimtoa mtoto wa jicho,
wa kulia kwanza, wa kushoto baada ya Mwaka Mpya.
Alirudi nyumbani akauliza nani kapaka rangi sinki.
Akaitazama blauzi yangu kama mgeni mlangoni.
Wali ukapoa.

Akaenda kwenye matangi, daftari kwapani.
Tangi la kumi na tisa: ameandika nili, wanne.
Akahesabu kwa kidole juu ya kioo,
akafika mia mbili na kitu, akaacha.
Mimi nilikuwa nasafisha chujio
lililokuwa safi tangu asubuhi.

Hakusema neno. Alitoka na taa.
Nilisikia mfuniko wa pipa, kisha maji, kisha kimya
kirefu kiasi cha pikipiki tatu kupita barabarani.

Alirudi na bakuli, ndani yake uduvi mmoja
wa rangi ya matope, wa rangi ya bure,
ila kwenye mguu wa mbele, labda,
palikuwa na uzi. Au ni kivuli cha kijiko.

Akaketi chini sakafuni, akakiacha kigoda.
"Huyu je?" akauliza.
Hajawahi kuniuliza.

Nikainama mpaka pua ikakaribia maji.
"Sijui, Baba," nikasema.
"Kaogopa. Tumngoje siku tatu."