Salfa ya Rafiki

Wakopeshaji walisema: punguzeni.
Serikali yetu ikasema: hatupunguzi ng'o,
na hapa Newala tukapiga vigelegele
hadi Ndugu Chilumba, katibu wa tawi, akalia.

Zahanati haikufungwa. Nashukuru. Hilo nalitaja kwanza.

Kisha ikaja salfa ya bure,
kila mfuko na bendera ya rafiki mpya,
yule anayechoma vijiji vya jirani zake.

"Usiulize," katibu akaninong'oneza. "Mikorosho ina ubwiriunga."

Mama alipokea wakimbizi wa ng'ambo ya Ruvuma,
akawamegea muhogo
asiulize nani rafiki wa nani.

Nimepulizia. Mikorosho imepona.
Mifuko nimeipindua, naanikia korosho,
bendera imelalia udongo.

Jana katibu kanipa mkono:
wake njano,
wangu njano.