Kidato cha Kumi na Moja

Seleri kwa mifupa. Kabichi kwa kifua.
Ngozi ya kuku iliyolowa, kwa kofi la shavuni.
Gwenllian Prosser apanga mboga zake mezani
kama anayengoja wageni wa Jumapili,
taa zinazimwa, na ukutani
anazuka Septimus Hale akiruka paa hadi paa,
koti likipepea, bastola mbili,
meno meupe kushinda ya yeyote wa karne ile.

Kach! Mkono wa jambazi.
Du! Huyo, katumbukia mtoni.
Daraja linakatika, farasi wanne, moto,
na yeye, miaka sitini na miwili, goti bovu,
anakimbia palepale juu ya sinia la kokoto
akihema kwa niaba ya kijana
ambaye bei ya soksi zake ingemlipia pango.
Tuseme kweli: farasi walipotua juu ya tishari la makaa,
alicheka.

Ila Hale aliyemjua yeye alikuwa na baridi yabisi.
Alikaa katika kitabu cha jalada la kijani,
kona zimegugunwa na panya,
na baba, mwelekeza treni wa zamu ya usiku, Treherbert,
alimsoma kati ya treni na treni
kwa mtoto aliyelazwa juu ya makoti,
maana nyumbani hapakuwa na mtu.

Hale yule hakumgusa mtu hata kwa ukucha.
Mjane akilia, inspekta akifoka,
warithi wakigombea saa ya marehemu,
yeye kafumba macho, chai yapoa,
mpaka mtumishi aliposhuka na sinia
na kidato cha kumi na moja kikalia: kwii.
Jicho moja likafumbuka.
"Usiku ule," alisema, "hakikulia."

Hapo baba hufunga kitabu.
Fikiri, mwanangu. Nani aruka kidato gizani?
Treni ya makaa ikapita, vikombe vikagongana,
mtoto akaketi wima:
"Aliyekulia humo!"

Katika filamu maneno hayo hayamo.
Mwongozaji, kijana mpole, kamletea keki ya karoti:
"Hapa nyumba inalipuka. Nataka watu wausikie mbavuni."
Akampa. Kazi ni kazi.
Mlipuko wake ulitikisa madirisha ya jirani.

Lakini usiku, peke yake,
akatoa ubao alioununua kibanda cha reli kilipobomolewa,
akaukanyaga pale mtumishi anaposhuka,
nyuma ya fidla, chini ya mvua: kwii.
Na pale kivuli kinaposhuka na kisu
akatembea kwa viatu vya mwanamume, polepole,
tisa,
kumi,

kumi na mbili.

Ijumaa, Cardiff, safu ya nyuma kabisa.
Watu wanacheka, wanatafuna, mmoja anapokea simu.
Mbele yake msichana wa miaka tisa hivi
kasimamisha bisi njiani kuelekea mdomoni.
"Mama. Karuka kimoja."
"Shhh, tazama."

Nyumba ikalipuka.